Kurunzi Isiyopata Moto

Kuna watu hupima kitambaa kwa vidole, na wengine hupima tikiti maji kwa kulipiga kofi. Yeye alipima kurunzi kwa shavu la kushoto. Ukimletea kurunzi haulizi bei wala hasomi boksi. Huiwasha, huielekeza ukutani, kisha huilaza shingo yake shavuni na kufumba macho kama mkunga anayesikiliza mtoto tumboni, na baada ya kitambo hutoa hukumu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Shavu. Jina alilopewa na wazazi wake alibaki nalo mkewe, na yeye alilitumia siku za ugomvi tu.

Alishinda kwenye benchi la fundi viatu, mbele ya kibanda cha mabati, kwa sababu mkewe alikwisha kumwambia kwamba mume anayeshinda ndani ni kama kabati: hamdhuru mtu, ila kila ukifagia inakubidi umzunguke. Fundi viatu hakumkaribisha wala hakumfukuza. Walikuwa wametaniana miaka mingi mno hata ikawa hakuna tena njia ya kuachana.

Siku moja dereva wa lori alisimama mbele ya benchi na kurunzi mpya, bado inanuka plastiki.

"Shikamoo, Mzee Shavu."

"Marahaba. Umeibiwa wapi?"

"Sijaibiwa, nimenunua. Hii inamulika kilomita tatu."

"Nani alikwenda kusimama huko kilomita ya tatu akaona mwanga?"

"Imeandikwa kwenye boksi, mzee."

"Ahaa. Boksi." Mzee Shavu alimgeukia fundi viatu. "Unasikia? Mwandika boksi hajawahi kushika kurunzi, na mtengeneza kurunzi hajawahi kusoma boksi, lakini huyu hapa kawaamini wote wawili, na gari la watu kapewa aendeshe."

Alikizungusha kifuniko cha nyuma. Nyuzi zake za skrubu zikasaga kama wali wenye mchanga. Alikitingisha kiwiliwili, kitu kikacheza ndani. Halafu akawasha, akailaza shavuni, na kabla dereva hajapata kumeza mate akaiondoa na kuirudisha mkononi mwake.

"Ina homa. Irudishe."

"Homa?"

"Inapata moto. Kurunzi ikipata moto ni gonjwa au ni mwizi. Irudishe kabla aliyekuuzia hajabadilisha fundo la kanga alilofungia pesa yako."

Dereva aliondoka ananung'unika, lakini aliirudisha. Wote walirudisha. Kwa maana siku hizi watu hawanunui mwanga, wananunua tarakimu. Mtu asiyejua ukubwa wa chumba chake anataka lumeni laki tisa za mwanga, na akishazipata anazitumia kutafuta ndala uvunguni. Mzee Shavu aliwadharau wote, wauzaji kwa wanunuzi, na dharau hiyo ilimtunza vizuri kuliko dawa za shinikizo la damu.

Haikuwa dharau ya bure. Alikuwa mtunza stoo wa maghala makubwa, wakati maghala yalikuwa maghala. Kila asubuhi walinzi walipanga foleni kwenye kaunta yake na kurunzi zao za shaba, nzito kama mchi, na yeye alizipokea moja moja na kuzipitisha shavuni. Iliyokuwa baridi ilitundikwa kwenye ndoano yake. Iliyokuwa na joto ilikuwa na moja ya mambo mawili. Ama betri zimeanza kuvuja na kulana ndani kwa ndani, ama mlinzi amelala, na kabla ya kulala ameiacha inawaka dirishani ili meneja akipita adhani pale pana macho. Shavu la Mzee halikuwahi kukosea. Walinzi walijaribu kila hila: walizitia kwenye ndoo ya maji, wakazifunga kwa majani yenye umande. Alizigundua kwa unyevunyevu, akawaambia, "Umemuosha maiti, lakini bado kafa."

Na kurunzi zenyewe! Ndani ya kifuniko cha nyuma ilifichwa glopu ya akiba, imelala kwenye kitambaa kama yai. Waliozitengeneza walikuwa watu wanaokubali kwamba kitu huharibika. Ukiiangusha, inabonyea, unaendelea. Siku hizi ukiiangusha unaomba dua, kisha unafagia.

Maghala yalifungwa, pakajengwa maduka ya simu. Kurunzi za shaba ziliuzwa kwa kilo pamoja na bawaba na bomba mbovu, kwa mtu ambaye hakuzitazama hata mara moja. Mzee Shavu alibaki na yake moja. Aliipiga msasa mlaini kila wiki, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuitumia, hata umeme ukikatika mkewe akiwa na sufuria motoni.

"Utazikwa nayo," mkewe alikuwa akimwambia.

"Heri nizikwe nayo. Huko angalau kuna giza la kweli."

Walikuwa na binti mmoja tu aliyebaki karibu, wa mwisho, na huyo ndiye aliyekuwa moyo wa baba yake, ingawa baba mwenyewe angekana hadharani. Alifanya kazi ambayo watu hupita juu yake bila kujua. Aliongoza genge la wafanyakazi wanaoteremka kwenye mitaro mikubwa chini ya mji kuzibua mchanga, matambara na mifuko kabla mvua haijaanza. Genge lilimwita Kamanda. Hakuna aliyempa cheo hicho kwa barua. Walimpa kwa sababu alikuwa wa mbele, na wa mbele kule chini ndiye anayebeba kurunzi kubwa. Wengine wana vitaa kwenye kofia, nuru ya kimulimuli, vya kuonea mikono yao na sepeto. Kurunzi kubwa ndiyo macho ya genge. Bila hiyo huoni shimo lililochimbwa na maji, huoni zege lililopasuka juu ya utosi wako. Wa mbele akisema "pitieni kulia," watu wazima wenye wake na watoto wanapitia kulia bila kuuliza.

Kurunzi ya genge ilipokufa, ofisi ikamwambia Kamanda achague mwenyewe nyingine. Wao wangelipa, yeye angesaini. Jioni hiyo alimkuta baba yake anakunywa chai uani.

"Baba, kesho twende wote dukani. Nataka shavu lako."

Mzee aliinua kikombe apate kuficha uso. Miaka yote hiyo watu wa mitaani walimletea kurunzi, lakini wa damu yake alikuwa hajamwomba chochote tangu alipoanza kuvaa buti za mpira.

"Nitaangalia kama nina nafasi," alisema.

"Ana nafasi," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Amekuwa na nafasi tangu maghala yafungwe."

Muuza duka la vifaa vya umeme aliitwa Lumeni, kwa kuwa hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Alikuwa mtu wa kuuza kila kitu kwa kiapo kilekile. Feni, pasi, nyaya, zote zilikuwa "kiboko", zote zilikuwa "za mwisho mwisho", na zote ndizo alizotumia nyumbani kwake, nyumba ambayo kama ingekuwa kweli ingelazimika kuwa na ukubwa wa uwanja wa ndege. Alipomwona Mzee Shavu anaingia, uso ulimwanguka, kisha akauokota.

"Karibu mzee wetu! Karibu dada! Hapa lumeni zipo za kumwaga."

"Zimwage nje," alisema Mzee. "Tuletee kurunzi."

Lumeni alileta mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, nene, shingo yake imechongwa mapezi mapezi kama ya samaki, na ilikuwa nzito hata Kamanda akainua nyusi alipoipokea. Ya pili ilikuwa ndefu, nyepesi, nyeusi tii, inateleza mkononi. Zote mbili ziliwashwa na kuelekezwa kwenye ukuta wa nyuma, ambako mwanga wake uliwafanya mende wawili wahame.

Wakasubiri. Nene ilianza kupata joto karibu mara ile ile. Baada ya muda mwanga wake ukapungua kidogo, kisha ukasimama pale pale. Nyembamba iliendelea kuwaka kwa nguvu zote kama mtu mwenye hasira.

Mzee Shavu alichukua nene, akaigusisha shavuni, akaruka.

"Hii ni pasi! Mama yako anyooshee mashuka!"

"Mzee wangu," alisema Lumeni, "hiyo kupata moto ndio uzima wake. Joto linatoka. Lisipotoka ndio shida."

"Na pua ikitoka damu ndio uzima wake? Damu inatoka?"

"Kweli tena, nakwambia. Ina mapezi kwa ajili hiyo hiyo."

"Mapezi ana samaki, na anakaa majini. Wewe umeuza feni kwa mke wangu ukamwambia inapoa zaidi kila mwaka." Akageuka kwa binti yake. "Tena umeona ilivyopunguza mwanga? Imechoka kabla haijaanza kazi."

Alichukua nyembamba. Akailaza shavuni, akafumba macho. Ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi kama kurunzi ya mlinzi mwaminifu saa ya kukabidhi. Kitu kikamwendea moyoni, akaona foleni, akaona kaunta, ndoano, shaba inang'aa.

"Hii," alisema taratibu, "ina adabu."

"Baba," Kamanda alisema, "ile nzito nikivaa glavu joto lake silihisi. Na ule mwanga ulipopungua, haukuendelea kupungua. Ulisimama."

"Umeniita mimi au umeita glavu?"

Kamanda aliisukuma ile nzito upande wa Lumeni.

"Basi chukueni hiyo nyembamba," alisema Lumeni bila hata kupumua, "hata mimi nyumbani ndiyo ninayotumia. Ni kiboko."

Hapo Mzee Shavu alicheka kwa kuridhika, kwani ni ushahidi gani mwingine ulihitajika? Mtu aliyetetea moto sasa hivi anatetea baridi. Hakujua, na Lumeni mwenyewe hakujua, kwamba dakika ile ya kwanza muuza duka yule alikuwa amesema kweli, kwa bahati mbaya, akitaka tu kuondosha mzigo mzito uliokuwa umekaa rafuni mwaka mzima. Ndivyo ilivyo dunia ya sasa: mtu anasema uongo mwingi mno, hata siku ukweli ukimponyoka unapita kama mgeni asiyejulikana.

Kurunzi ilianza kazi vizuri, kwenye mitaro mifupi ya pembeni ambako genge huingia na kutoka. Mzee Shavu alitembea mtaani kifua mbele. Fundi viatu alisimuliwa habari ya pasi yenye mapezi mara nyingi hata akaanza kuimalizia yeye.

Kisha wakaingia mtaro mkuu.

Aliyeleta habari alikuwa Mrefu, mtu wa pili kwenye genge, ambaye alikuja kibandani kuchukua buti lake, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa hamjui Mzee Shavu kwa sura. Alikaa kwenye benchi kando yake kabisa.

"Umegombana na nani?" aliuliza fundi viatu.

"Na kurunzi." Mrefu akatema pembeni. "Tuko chini kabisa, kwenye njia panda ya mitaro, Kamanda mbele. Mwanga ukageuka rangi, ukawa wa samawati, wa kizuka. Harufu ya plastiki inayoungua. Halafu, fyu! Kiza. Sisi na vile vitaa vya kichwani, unaona pua yako tu. Kamanda anasema simameni. Mimi mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia. Shimo. Nimeangukia mkono."

"Pole sana. Na yeye?"

"Alinitoa yeye. Alinishika ukosi, akapapasa ukuta, akatutoa wote, yeye mwisho. Sisemi hana moyo." Mrefu alijikuna chini ya plasta kwa mpini wa kijiko alichokitoa mfukoni. "Lakini tumemuuliza, nani kachagua takataka ile? Anasema, mimi. Mtu mzima mwenye akili! Ilikuwa baridi ile kurunzi, mkononi baridi kabisa, na ndani inaungua! Kesho asubuhi tunamwambia bwana wa ofisi atupe mwingine wa mbele. Mimi simfuati tena mtu asiyejua kuchagua taa."

Fundi viatu alikuwa ameinamia buti, sindano imesimama katikati ya ngozi. Alikuwa na utani wa kila aina kifuani mwake, wa miaka, na wakati wa kuutoa ulikuwa huo. Hakutoa hata mmoja. Hilo ndilo lililomuumiza Mzee Shavu kuliko maneno ya Mrefu: kuonewa huruma na fundi viatu.

Aliinuka, akaenda nyumbani.

Kamanda alikuwa uani anasugua buti kwa brashi. Kurunzi nyeusi ilikuwa juu ya ukingo wa karo, imekufa, bado inang'aa.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

Binti hakuinua kichwa. "Ningesema nini, Baba? Kwamba nimeteremsha watu chini kwa shavu la mzazi wangu?"

"Ungesema kweli."

"Kweli ni kwamba nilisaini mimi. Na nilikuwa na mashaka, nikanyamaza." Alisugua. "Niliona haya kukubishia mbele ya Lumeni."

Mzee alichukua ile kurunzi, akachukua bisibisi kwenye kopo la vifaa vyake, akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Mkewe alitoka, akamtazama, akarudi ndani bila neno, na katika nyumba ile hiyo ilikuwa kama kengele ya hatari.

Kichwa kilifunguka kwa tabu. Alipokiondoa kioo alikiona kile kitaa kidogo cha njano, kisichozidi ukucha wa mtoto, kimeungua katikati kikawa cheusi. Kilikuwa kimelehemiwa kwenye kibati chembamba kama karatasi ya sigara, na hicho kibati kilikuwa kimeshikizwa kwenye pete ya plastiki. Hakikugusa chuma mahali popote. Kilikuwa kinaning'inia ndani ya kurunzi kama mtu aliyefungiwa chumbani na jiko la mkaa linawaka, milango yote imefungwa. Joto lilizaliwa pale, likakosa njia, likamla aliyelizaa.

Mzee alikilaza kile kichwa mapajani. Shavu lake halikudanganya. Lilisema ni baridi, na ilikuwa baridi. Yeye ndiye aliyedanganya, maana aliliuliza shavu swali la zamani. Glopu ya zamani ilikuwa na joto lake la kawaida, ikajikalia nalo kwenye kioo chake. Joto likifika kwenye kiwiliwili ujue kuna ubaya. Lakini hivi vidudu vya leo, vinavyotoa mwanga wa taa ya lori kutoka kwenye ukucha, hivi ni tanuri. Na tanuri isiyopasha ukuta inakwenda wapi na moto wake?

Na ile nene iliyopunguza mwanga haikuwa imechoka. Ilikuwa na breki. Nyembamba ilikwenda kasi mpaka ikaangukia bondeni, na yeye akaisifia mwendo.

"Mpumbavu," alisema kwa sauti.

"Nani?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Yupo mmoja hapa."

"Namjua," alisema mkewe. "Njoo ule."

Hakula. Aliingia chumbani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha msasa, akatembea moja kwa moja hadi dukani kwa Lumeni kabla halijafungwa.

Lumeni aliitazama nyeusi iliyokufa na kutikisa kichwa hata kabla ya kuulizwa. "Iliyoungua hairudi, mzee. Na wewe ndiye uliyeipenda. Mimi nilikwambia!"

"Uliniambia. Na kwa nini joto litoke? Nieleze."

Lumeni aliipangusa kaunta kwa kiganja. "Si... ina mapezi," alisema hatimaye. "Lumeni zake zinapumua."

Mzee Shavu alimtazama kwa dharau tulivu, ile ya mtu anayekutana na mwenzake. Hapa palikuwa na wawili: mmoja alijua bila kuelewa, na mwingine alielewa kitu kilichokwisha kupita.

"Ilete ile nene. Naifungua hapa hapa."

"Ukiifungua umeinunua."

"Ndiyo maana nimekuja."

Ndani ya nene kitaa kilikuwa kimekaa juu ya sahani ya shaba nyekundu, nene kama kifuniko cha kopo la rangi, na kati ya shaba na shingo palikuwa na dawa nyeupe ya kupitisha joto, imepakwa kwa ukarimu, inajaza kila mwanya. Njia nzima ilikuwa wazi, kutoka kwenye ukucha hadi kwenye mapezi. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa bado anafanya kazi kwa adabu, na kurunzi yake ilikuwa imekaa rafuni mwaka mzima kwa sababu watu kama Mzee Shavu waliiita pasi.

Alifungua kitambaa, akaweka kwenye kaunta kurunzi yake ya shaba. Lumeni alikuwa ameitamani miaka mingi ili aiweke dirishani, kama kichwa cha mnyama aliyewindwa na mtu mwingine.

"Mzee! Kweli?"

"Ichukue kabla sijapata akili."

Asubuhi alifika kwenye uwanja wa ofisi genge likiwa limekusanyika langoni, sepeto zimeegemezwa ukutani. Bwana wa ofisi alikuwa amesimama na kikombe chake, Mrefu mbele yake anazungumza kwa mkono mmoja. Kamanda alisimama pembeni, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kuikabidhi moja kwa moja.

"Shikamooni nyote," alisema Mzee Shavu, na wakashangaa, maana salamu ile mkubwa haanzi. "Mimi ni baba yake. Kurunzi iliyowaangusha niliichagua mimi, na yeye alinikataza. Alitaka hii." Akaiinua ile nene. "Nikamwambia ni pasi."

"Ala! Ni wewe uliyekuwa kwenye benchi!" alisema Mrefu. "Ulikaa kimya!"

"Nilikaa kimya. Nilikuwa ninakusikiliza unanitukana, na sikuona mahali pa kukusahihisha."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema kutoka nyuma, "Ndiye Mzee Shavu huyo! Basi tutandikie shavu tuone!"

Wakacheka wote sasa, kicheko kibaya, na Mzee Shavu alikitambua. Alikuwa amewachekea watu hivyo maisha yake yote. Akaiwasha kurunzi, akaisubiri ipate moto sawasawa mikononi mwake, wote wakiwa wanamtazama, kisha akailaza shavuni kama alivyozoea.

Hakuiondoa.

"Baba," alisema Kamanda.

"Subiri. Inaunguza," aliwaambia genge, jicho moja linatoa machozi. "Mnaona? Moto uko kwangu, hauko ndani mwake. Ile nyingine ilikuwa na adabu kwa wote, ikajiua. Hii inamchoma anayeishika, na inaendelea kuona. Itapunguza mwanga kidogo, msiogope, ni breki hiyo. Mkitaka wa mbele anayejua kuchagua taa, huyo hapo. Kosa lake ni kumheshimu mzee."

"Baba, toa!"

Aliitoa. Shavuni palikuwa pameandikwa mistari ya mapezi, myekundu, imenyooka kama mistari ya daftari.

Mrefu alimwendea, akaipokea ile kurunzi kwa mkono wake mzima, akaigusisha shavuni mwake mwenyewe. Akatukana tusi refu, la kitaalamu, kisha akamkabidhi Kamanda.

"Haya," alisema. "Vaa glavu. Mimi siwezi kushuka, lakini hawa wakufuate. Na mzee akapakwe mafuta."

Bwana wa ofisi, aliyekuwa bado hajasema neno, alimalizia chai yake kana kwamba uamuzi ulikuwa wake.

Mzee Shavu hakuacha benchi, wala dharau hazikuisha. Mtu haachi chakula uzeeni. Watu waliendelea kumletea, na sasa walichanganyikiwa, maana akiikuta baridi huitupa mapajani mwao. "Maiti hii. Irudishe." Dereva wa lori alipokuja kudai kurunzi yake aliyoambiwa airudishe, aliambiwa kwamba ile ilikuwa mbaya hata hivyo, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa na mchanga; na hilo lilikuwa kweli, ingawa fundi viatu alisema ni kweli ya kuokotwa njiani. Ile ya shaba ilikaa dirishani kwa Lumeni na kikaratasi kilichosema ilikuwa ya mfalme. Mzee alipita upande wa pili wa barabara.

Alasiri Kamanda alirudi kutoka mtaroni, matope hadi magotini. Bila kusalimu aliisimamisha kurunzi nene mbele ya pua ya baba yake. Mzee aliipokea, akainamisha kichwa, akailaza kwenye shavu la kulia, kwa kuwa la kushoto lilikuwa bado linabanduka. Ilikuwa na joto tele, la kazi ya kutwa.

"Haikulala," alisema.

"Haikulala," Kamanda alijibu, akapita ndani kuoga.

"Shavu moja limekwisha," fundi viatu alisema bila kuinua macho kwenye kiatu. "Likiisha na hilo utapimia nini?"

"Nitakukalisha wewe juu ya kurunzi," alisema Mzee Shavu. "Una ngozi ya kutosha."